Kompyuta Iliyokuja Bila Kitabu

Kitendawili. Mgeni wangu ameingia ndani, amekalia kiti changu, kazi yangu anaifanya apendavyo, na nikimuuliza desturi zake ananiambia nikaulize hewani. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Oyugis yenyewe na soko lake, maana hapo ndipo mgeni huyu aliposhukia. Jibu ni programu ya kompyuta inayouzwa bila kitabu cha maelezo. Na kama unacheka, ngoja kwanza usikie ilivyomfanyia Kemuma.

Kemuma na mumewe Mosoti walikuwa na kibanda cha kuchapisha nyuma ya soko la Oyugis. Mke alichapa, mume alipiga picha, akakunja karatasi na kupiga stepla. Walitengeneza kadi za harusi na vitabu vya risiti, lakini riziki yao hasa ilitoka kwenye vijitabu vya mazishi. Upande huu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima picha yake ikae juu, maisha yake yaelezwe ndani, wake na watoto wapangwe kila mmoja mahali pake, na nyimbo zije nyuma. Walikuwa Wakisii kati ya Wajaluo, Wasabato wa miaka mingi, na kila mtu sokoni aliwaita Baba Mellen na Mama Mellen kwa jina la binti yao aliyeolewa Nyamira.

Kompyuta yao ya kwanza ilikuja na kitabu kinene kama Biblia ya mimbari. Kemuma alikisoma kwa kidole, kamusi ikiwa pembeni, akakivalisha jalada la khaki kama kitabu cha shule. Akikwama alifungua, akatafuta, akapata. Wakati mmoja mwalimu mmoja alimfokea kwamba amemharibia mtihani wa shule. Kemuma hakubishana. Alifungua ukurasa, akaweka kidole, akasema, "Soma hapa, mwalimu." Mwalimu akasoma, akakohoa, akalipa. Hivyo ndivyo kitabu kilivyokuwa. Kilifundisha, na siku ya ugomvi kilisimama kama shahidi.

Kisha radi ikapiga, kompyuta ikafa na programu yake ndani. Walichukua mkopo wa chama wakanunua laptop kutoka duka la Cliff, kijana mmoja wa mjini Homa Bay. Ndani yake mlikuwa na programu ile ile ya kuchapisha, ila toleo jipya. Kemuma alipekua boksi mpaka chini, akatoa plastiki, akatoa waya, akatoa kile kikaratasi cha garantii.

"Kitabu kiko wapi?" aliuliza.

Cliff alikuwa akichezea simu yake. "Kitabu gani, mathe?"

"Cha kunionyesha programu inavyofanya kazi."

"Aii, mathe. Siku hizi nani anasoma kitabu ya kompyuta? Hiyo ni ya kitambo. Ukikwama, bonyeza alama ya swali hapo juu, kila kitu iko online."

Wateja wawili vijana walicheka, si kwa ubaya sana, lakini walicheka. Kemuma alikunja kile kikaratasi cha garantii akakitia mkobani. Alijisikia kama mtu aliyeingia hotelini akaomba kula kwa mkono.

*

Mzee Fanuel alipofariki kwake Karungu, kazi ya kijitabu ililetwa na Wesley, mtoto wake wa kwanza, mfanyabiashara wa mahindi hapo Oyugis. Mzee alikuwa ameacha wajane wawili. Mkubwa alikuwa Rael, mamake Wesley, yule Wajaluo wanayemwita mikayi, mwenye nyumba iliyo mbele ya boma. Mdogo alikuwa Edinah, Mkisii aliyeolewa baadaye, mama wa mapacha wawili wa kike waliokwisha kuwa watu wazima.

Wesley aliketi kando ya Kemuma akasoma kila mstari kwenye kioo. Rael juu, watoto wake wakifuata kuanzia yeye Wesley. Edinah chini, na mapacha wake. "Iko sawa kabisa," alisema. "Print."

Kabla hajafika mlangoni simu yake ililia. Dada yake Pauline, aliyeolewa Migori, alikuwa ametumiwa picha ya kioo akaona jina lake halimo, na Wesley alilazimika kuishikilia simu mbali na sikio.

"Mama Mellen, ongeza huyu kabla aniue. Pauline. Nimemsahau."

Kemuma aliongeza jina, akahifadhi, akatuma kwenye printa. Hakurudia kusoma. Kwa nini arudie? Mwenyewe amesoma, amesema sawa, na kilichoongezwa ni jina moja. Programu ya zamani ilikuwa haigusi kitu isichotumwa. Ukiipa Rael juu, Rael atabaki juu mpaka karatasi iishe duniani. Hii mpya ilikuwa na akili zake. Ilipoona orodha imeongezwa jina, iliona ni vyema kuwasaidia watu, ikayapanga majina yote upya kwa kufuata ABC. Haikuuliza. Haikusema imefanya. Na hakukuwa na ukurasa popote uliowahi kumwambia mwanamke huyu kwamba mashine aliyonunua ina tabia hiyo.

Mosoti alikunja, akapiga stepla. Yeye alitazama picha zake zimetokea namna gani, majina hakuyatazama. Vijitabu vikaingia kwenye katoni, katoni ikaenda Karungu.

*

Siku ya mazishi mwongoza shughuli alisoma kama ilivyoandikwa. Hakuwa mtu wa boma lile. Alikodiwa pamoja na spika.

"Sasa wajane waje wamuage mzee. Tunaanza na Mama Edinah."

Edinah hakuinuka. Alidhani hajasikia vizuri. Rael naye alikuwa ameshika fimbo yake tayari kusimama, akaishusha polepole. Chini ya hema watu walianza kufungua vijitabu, na ule mnong'ono ulitembea kutoka kiti hadi kiti. Katika boma la watu hawa mpangilio si mapambo. Anayeitwa kwanza ndiye mwenye nyumba ya kwanza, na nyumba ya kwanza ndiyo inayosema kwanza siku ya kugawa shamba.

"Mama Edinah tafadhali, muda," mwongoza shughuli alisema kwenye spika.

Wesley alisimama. Alipita safu ya nyumba ya pili akiwanyang'anya vijitabu mikononi, hata mapacha waliokuwa hawajafungua vyao. "Nipeni hapa. Mmesoma ya kutosha. Mlijiandikia wenyewe." Edinah alikaa vile vile, amevaa nguo nyeusi, mikono mitupu, mbele ya watu waliotoka mpaka kisiwani Takawiri kuja kumzika mume wake.

*

Siku ya soko Wesley alikuja kibandani na binamu zake wawili. Hakumtazama Kemuma. Alimwendea Mosoti aliyekuwa akimpiga mteja picha ya pasipoti.

"Bwana Mosoti, nimekuja kuuliza bei. Huku kwenu kuuza boma ya mtu ni pesa ngapi?"

Mteja aliganda kwenye stuli. Mwanamke aliyeleta cheti cha mtoto akasogea karibu ili asipitwe na kitu.

"Wesley, keti tuongee," Mosoti alisema.

"Sikai. Edinah ni wa wapi? Si ni wa kwenu? Bibi yako ni wa wapi? Mmekaa hapa mkaona mtoe dada yenu huko nyuma, mmukalishe kwa kiti ya mama yangu. Mimi, kifungua mimba, mmenitupa mwisho wa laini kama mtoto wa kuokotwa."

"Simjui Edinah," Kemuma alisema, huku akifungua kijitabu kimoja kilichobaki mezani. "Sijawahi kumwona. Ni mashine iliyopanga majina kwa ABC. Mimi niliandika kama ulivyosoma."

"Mashine." Wesley aliwageukia binamu zake. "Mnasikia? Mashine imeamka asubuhi ikapenda Edinah."

Binamu walicheka, na hata yule mwenye cheti alificha mdomo kwa leso.

"Sawa, Mama Mellen," Wesley aliendelea, sauti imeshuka. "Wewe si ni mtu wa kitabu? Mji mzima unajua. Nionyeshe ni wapi imeandikwa kwamba mashine hufanya hivyo. Nionyeshe tu, niende nyumbani."

Mkono wa Kemuma ulikuwa umekwisha kuinuka kwenda kwenye rafu. Jalada la khaki lilikuwa pale pale. Lakini kitabu kile kilizungumzia programu iliyokufa, hakikumjua mgeni huyu. Alishusha mkono. Wesley aliuona unashuka, na ndugu yangu, kuna namna ya kushinda ambayo huonekana usoni kabla mtu hajasema neno.

"Nilijua," alisema, akatoka.

Mteja wa pasipoti alilipa na kuondoka bila kungoja picha zikauke. Yule mwanamke alikumbuka ghafla kwamba cheti si cha haraka. Jioni ile familia mbili zenye msiba zilipita mbele ya kibanda zikavuka barabara, kwa mchapishaji wa pili. Mosoti alifunga mlango mapema.

"Mama Mellen," alisema, "turudishe pesa yake, tuombe msamaha, yaishe."

"Nikirudisha pesa nimekubali nilihongwa."

"Usiporudisha tutakula nini?"

Kemuma alikaa mbele ya laptop, akabonyeza ile alama ya swali.

*

Alama ya swali ilikula bando lake na kumpa kiduara kinachozunguka. Kilipomaliza kuzunguka kilimletea Kiingereza kirefu kilichosema ukurasa huo ni wa toleo lingine. Chini palikuwa na mahali pa kuandika shida yako. Aliandika kwa Kiingereza chake cha darasa la nane, akasahihisha mara tatu, kama anayemwandikia mzungu barua ya kazi. Jibu lilikuja papo hapo. Lilimshukuru sana kwa kuwasiliana, likamuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha.

Asubuhi namba asiyoijua ilimpigia. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejificha nyuma ya choo.

"Ni Mama Mellen? Mimi naitwa Edinah. Wa Karungu."

Kemuma alikaa chini.

"Mama, wewe hunijui na mimi sikujui. Sina ubaya na wewe. Nataka tu uje uwaambie hunijui. Wamesema nilikulipa. Jumapili kuna kikao cha boma, na Wesley amesema kabla shamba ligawanywe nirudi kwetu. Kwetu wapi, mama? Wazazi walikufa. Nimezaa hapa, nimezeeka hapa, mume wangu amelala hapa."

"Rael anasemaje?"

"Hasemi. Tangu siku ile hajaniita hata kuchota maji naye. Hiyo ndiyo inanimaliza."

Kemuma alikwenda Homa Bay siku hiyo hiyo. Cliff alimsikiliza akiwa amesimama, maana duka lilikuwa na watu.

"Hiyo kitu iko kwa settings, mathe. Inajipanga yenyewe. Unazima tu."

"Kwa hiyo unajua inafanya hivyo."

"Wengi wamelia nayo."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Niliuliza, kijana wangu. Hapa hapa. Nilikuuliza kitabu kiko wapi, mkacheka. Sasa niandikie kwenye karatasi ya duka lako kwamba mashine inafanya hivi, utie mhuri. Kuna mama anafukuzwa kwake."

Cliff alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuuza. "Hiyo siwezi. Programu si yangu, mimi nauza tu. Kesho niambiwe nimeandika vitu kuhusu kampuni ya wenyewe. Waandikie wao."

"Wako wapi?"

"Online."

"Online ni mtaa gani?"

Watu dukani walicheka tena, lakini Kemuma alikuwa hatanii. Alitaka kweli kujua. Ukinunua ng'ombe Migori akawa mgonjwa, unamjua aliyekuuzia, unaijua njia ya kwake. Ukinunua dawa, ndani ya boksi mna karatasi, hata kama maandishi ni madogo kama mchwa. Leo mtu anakuuzia kitu kitakachoshika majina ya watu, walio hai na waliokufa, na karatasi ya kukuambia tabia yake anaona ni gharama. Akiba anaitia mfukoni yeye. Aibu unaibeba wewe.

*

Jumapili Kemuma na Mosoti walifika Karungu na laptop imefungwa kwenye kanga. Kikao kilikuwa ndani ya nyumba ya Rael, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja, Wesley na Pauline upande wa pili, Edinah karibu na mlango na mapacha wake. Rael alikuwa kwenye kiti cha marehemu, fimbo magotini. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja.

"Huyu ndiye aliyeandika," Wesley alisema. "Anasema ni mashine."

"Basi na ifanye tuione," mzee mmoja alisema.

Kemuma aliweka laptop mezani. Akaandika Rael, akaandika Wesley, wote mpaka chini, kama siku ile. Akaongeza Pauline mwisho. Akahifadhi. Vichwa viliinama kwenye kioo.

Majina yalikaa kimya. Rael juu. Hakuna kilichosogea.

Alirudia. Hakuna kitu. Labda ni kwa sababu hapakuwa na mtandao. Labda alibonyeza kitu usiku ule alipokuwa akihangaika na alama ya swali. Labda ilijibadilisha yenyewe. Hakujua, na hapakuwa na mahali pa kutazama.

"Mashine imepona," Wesley alisema. Mmoja wa wazee aligeuza uso ili asionekane anacheka.

"Wacha hiyo," Rael alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa sauti. "Mimi kioo sikijui. Kijitabu chenyewe kiko wapi? Watu wote wamekisoma, mimi nimeambiwa tu. Nisomeeni."

"Mama, ni kuongeza uchungu tu," Wesley alisema.

"Uchungu ni wangu. Pauline, soma. Yote, usiruke."

Pauline alifungua. Alisoma wajane, Edinah kisha Rael. Akasoma watoto wa nyumba ya Rael, Pauline kwanza, Wesley nyuma. "Nyumba ya Mama Edinah," Pauline alisoma. "Watoto ni Adongo na Apiyo."

"Rudia."

"Adongo na Apiyo."

Rael aliinua kichwa. "Nani kwanza?"

"Adongo."

Kwa asiye wa huku, nieleze kidogo. Mjaluo akizaa mapacha wa kike, anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Adongo. Si jina la kuchagua; ni mlango mtoto alioingilia. Hakuna anayelipindua, hata mlevi, hata kwa utani. Kemuma alikuwa ameyaona majina yale, lakini macho yake yalikuwa yakitafuta herufi, hayakutafuta watoto.

"Usiku wa mvua," Rael alisema, "mkunga hakuweza kuvuka mto. Mimi ndiye niliyewapokea hawa wawili, kwa mikono hii. Apiyo alikuja analia, Adongo akakawia mpaka nikaogopa." Alimtazama mwanawe. "Wesley. Unasema Edinah alilipa pesa aandikwe mbele."

"Ndiyo, mama."

"Mama gani analipa pesa watoto wake wapinduliwe?"

Pauline alitazama tena ukurasa, kisha akamtazama Edinah, na kijitabu kikamwelemea mkononi. Karibu na mlango mapacha walikuwa wameshikana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia kilichoandikwa juu yao, maana vyao vilinyang'anywa.

"Edinah," Rael aliita. "Toka hapo mlangoni. Njoo ukae hapa." Akapiga kochi lililokuwa kando yake. Edinah alikuja, akakaa, akalia bila sauti kwenye kona ya kanga. "Nilikunyamazia. Nimekosa. Na wewe Wesley, ulikwenda dukani kwa mama huyu siku ya soko?"

"Nilienda."

"Utarudi siku ya soko. Pale pale uliposimama."

Wesley aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekuwa mdogo ghafla kwa mwanaume wa kimo kile. "Mama Mellen," alisema huku akitazama sakafu, "nimekusikia."

"Mimi nilikosa kusoma mara ya pili," Kemuma alisema. "Hiyo ni yangu, naomba radhi. Lakini mengine si yangu."

"Ni ya nani?" mzee yule aliyecheka aliuliza.

"Ya waliotengeneza."

"Basi waitwe," Rael alisema, kana kwamba ni jambo jepesi. "Mtu akikosea boma, watu wake huitwa, wanakaa pale, wanaulizwa. Hiki watu wake ni akina nani?"

"Sijui, mama. Nimewaandikia, nikajibiwa na mashine nyingine. Aliyeniuzia anasema si yake. Wamekataa hata kukiandikia kitabu."

"Hawana kwao?"

"Kama wanapo, hawataki tupajue."

Rael alilitazama lile dude jeusi lililofunguliwa mezani pake, na majina ya watu wake yakiwaka ndani. Kutoka jikoni walileta ugali na samaki, na yule aliyebeba sinia akasimama, hana pa kuliweka.

"Ondoa hicho," Rael alimwambia Kemuma. "Hapa wanakula watu wenye kwao."